Mathilde kaponzwa na tamaa, au na soni? Jibu kwa msomaji wa Chumbageni

Msomaji wetu wa Chumbageni, Tanga, anaandika kwamba kikundi chao cha kusoma kimemaliza hadithi fupi ya mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant inayojulikana kwa jina la "Mkufu", na Jumamosi ijayo ni zamu yake kuongoza mazungumzo. Wenzake wameshatoa hukumu: Mathilde ana tamaa, mkufu ni ishara ya utajiri, na fundisho ni kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Yeye anaona hukumu imetoka mapema mno ila hajui aishike wapi. Anauliza mambo matatu. Udhaifu wa Mathilde ni upi hasa? Mkufu ni ishara ya nini? Na huyu mume, hana lawama?

Kwa asiyeisoma, hadithi yenyewe ni hii. Mathilde Loisel ni mke wa karani wa Wizara ya Elimu mjini Paris. Ni mzuri wa sura, na anaamini alizaliwa mahali pasipo pake. Mume analeta mwaliko wa karamu kwa Waziri. Mathilde ananunuliwa gauni la faranga 400, anaazima mkufu wa almasi kwa Bi Forestier, shoga yake tajiri waliyesoma pamoja, anang'ara usiku kucha, na akirudi nyumbani shingo ni tupu. Hawamwambii mwenyewe. Wanatafuta mkufu unaofanana, wanaununua kwa faranga 36,000, wanaurudisha kimya, kisha wanalipa madeni miaka 10. Siku moja Mathilde, amechakaa hatambuliki, anakutana na Bi Forestier na kumwambia yote. Naye anajibu kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, bei yake faranga 500 ukizidi sana.

Sasa, dada, hisia yako iko sawa. Tamaa ilimfikisha Mathilde kwenye karamu, ikaishia hapo. Kilichompandisha kwenye chumba cha darini akasugue masufuria na kubishana bei na wauza mboga ni kitu kingine: kushindwa kutamka neno moja, "nimeupoteza".

Anza na maneno, kwa sababu Kiswahili kimetupa majina mengi ya maradhi ya moyo na kila jina lina mpaka wake. Tamaa ni kutaka usicho nacho. Husuda ni kutaka mwenzio asiwe nacho. Kijicho ni kuumia ukikiona kwake. Majivuno ni kutaka waone unacho. Soni ni kuogopa waone huna. Kikundi kikisema "tamaa" kwa yote matano, mazungumzo yamekufa kabla chai haijamiminwa. Waombe walete ushahidi wa kila moja kutoka kwenye maandishi, halafu waangalie kinachobaki.

Husuda haimo. Hakuna mstari hata mmoja ambapo Mathilde anamtakia Bi Forestier afilisike. Kijicho kipo: mwandishi anatuambia alikuwa ameacha kwenda kumtembelea shoga yake huyo kwa jinsi alivyoumia kila akirudi. Tamaa ipo, tena imechorwa vizuri mwanzoni. Wameketi mezani, kitambaa cha meza ni cha siku ya tatu, mume anafunua bakuli na kufurahia supu ya nyama kama mtu aliyeletewa pilau, na mke upande wa pili anawaza vyombo vya fedha, kumbi zenye mapazia ya Mashariki na watumishi wawili warefu wanaosinzia kwenye viti kwa joto la jiko. Ukurasa huo usomwe kwa sauti. Maupassant anaonyesha watu wawili kwenye supu moja, mmoja yupo na mwenzake hayupo.

Majivuno yanatokea kwenye waridi. Gauni limeshanunuliwa, Mathilde bado ana huzuni kwa kuwa hana kito cha kuvaa. Mume anapendekeza maua halisi: kwa faranga 10 utapata waridi mawili matatu mazuri ajabu. Anakataa, na sababu anaitaja mwenyewe: hakuna fedheha kubwa kama kuonekana maskini katikati ya wanawake matajiri. Sikiliza kitenzi hicho, "kuonekana". Kuwa maskini hakumo kwenye malalamiko yake. Hapo majivuno yanaanza kugeuka soni, na wanawake wa Tanga hawahitaji kufafanuliwa sana. Kila mtu anamjua aliyekosa sare ya harusi akasema ana homa.

Kupata udhaifu mkuu kati ya yote haya, tumia kipimo cha kuondoa. Ondoa udhaifu mmoja, uone hadithi inavunjikia wapi. Ondoa tamaa: mwaliko unatupwa mezani, hakuna hadithi. Ondoa majivuno: anakwenda na waridi, anacheza, anarudi, hadithi ya kurasa mbili yenye furaha. Ondoa soni peke yake, uache vingine vyote: anakwenda, anang'ara, anapoteza, na kesho yake asubuhi anabisha hodi kwa shoga yake. "Umepotea? Usilie, ule ulikuwa wa bandia." Faranga 500. Mshahara wa karani ungeyamaliza bila mtu kupanda darini. Kwa hiyo tamaa ni mlango wa hadithi, majivuno ni ukumbi wake, na ile miaka 10 yote ni ya soni. Kikundi kikiridhika na kipimo hiki, nusu ya kazi yako imekwisha.

Yapo makosa manne ambayo hujitokeza karibu kila hadithi hii inapojadiliwa, na mawili kati yake yana uzito kwetu kuliko kwa wasomaji wa kwingine.

La kwanza ni mahari. Mwandishi anasema mapema kwamba Mathilde hakuwa nayo wala hakuwa na matarajio ya urithi, ndiyo maana akaachia aolewe na karani. Msomaji wa Pwani akiona neno "mahari" katika tafsiri atafikiri hakuna mwanamume aliyetoa kitu kwa ajili yake. Ni kinyume kabisa. Katika desturi ya Ufaransa ya wakati ule mali ilitoka upande wa bibi harusi, wazazi wake ndio waliompa alichoingia nacho kwenye ndoa. Binti asiye na fungu hilo, hata awe mzuri vipi, milango ya nyumba kubwa ilimfungia. Na akishaolewa, chini ya sheria ya kiraia ya mwaka 1804, alihitaji idhini ya mume hata kuingia mkataba. Uzuri ndio mtaji pekee aliokuwa nao Mathilde, na hakuwa na soko la kuupeleka. Jambo hili halimsafishi. Linaeleza kwa nini usiku mmoja wa kutazamwa ulikuwa mkubwa hivyo kwake, na linamzuia mtu kumhukumu kama vile alikuwa na kiosko na akaunti yake mwenyewe akachezea mtaji.

La pili ni umaskini. Watu husema "Mathilde alikuwa maskini". Hesabuni. Walikuwa na msichana wa kazi kutoka Bretagne. Mume alikuwa ameweka faranga 400 za kununua bunduki ya kuwindia ndege na marafiki zake uwanda wa Nanterre. Na baadaye sana, mkufu umeshapotea, ndipo mwandishi anatupasulia kwamba mume alikuwa na faranga 18,000 alizoachiwa na baba yake. Gauni moja faranga 400. Fedha hizo ni magauni 45. Maupassant angeweza kuzitaja ukurasa wa kwanza. Kazificha mpaka siku ya kuzimaliza, na nadhani alifanya makusudi: tulikuwa tunauona umaskini kwa macho ya Mathilde, na macho yale yalikuwa hayaoni akiba ya mume. Darini ndiko anakoujua umaskini wenyewe. Hapa pia wengi hukosea hesabu wakaandika kwamba walikopa 36,000. Walikopa nusu, 18,000, huku elfu moja, kule mia tano, kwa wakopeshaji wa kila aina pamoja na wala riba. Riba juu ya riba ndiyo iliyokula miaka.

Kosa la tatu ni msimulizi. Sentensi ya kwanza inasema Mathilde ni mmoja wa wale wasichana wazuri waliozaliwa, kana kwamba kwa kosa la majaliwa, katika familia ya makarani. Wengi hunukuu hayo kuwa ndiyo kauli ya Maupassant. Yasomeni tena na "kana kwamba" yake. Sauti ni ya msimulizi, fikra ni za Mathilde, na kati ya viwili hivyo pana kejeli nyembamba kama uzi wa taarabu. Maupassant mwenyewe aliwahi kuwa karani wizarani, kwanza ya Majini kisha hiyohiyo ya Elimu. Watu hawa aliwajua mpaka mikunjo ya makoti yao.

La nne ni kusema Mathilde "alijifunza". Andiko halisemi hivyo. Linasema kwamba katika miaka ile, mume akiwa ofisini, aliketi dirishani mara nyingine akaukumbuka usiku ule alivyokuwa mzuri na kusifiwa. Anayeketi hivyo hajatubu, anakumbuka. Na siku ya mwisho, anapomwambia Bi Forestier kwamba hakutambua mkufu umebadilishwa, anatabasamu kwa furaha ya kujivuna na ya kitoto. Fahari ile ya ukumbini bado ipo, imehama tu kutoka shingoni kwenda kwenye deni lililolipwa.

Na hapo ndipo hadithi inapokuwa nzuri kuliko mahubiri. Walipoona hakuna njia, Mathilde alifanya uamuzi mara moja, na mwandishi anatumia neno la kishujaa. Akamwachisha kazi msichana, wakahama, akabeba maji ngazi kwa ngazi, akafua mashati na matambara, akatukanwa sokoni kwa kutetea senti. Hakukimbia deni hata siku moja. Kiburi kilichomzuia kusema "nimeupoteza" ndicho hichohicho kilichomzuia kudhulumu. Wanachama wako watabishana hapa, na wabishane: je, kitu kimoja kinaweza kuwa doa na pambo kwa wakati mmoja? Sisi tuliosoma Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, tumezoea jina litufanyie kazi hiyo. Katika Adili na Nduguze, Hasidi ni hasidi na Mwivu ni mwivu, na adhabu yao ya kugeuzwa manyani ni sawa na majina yao. Karama anaposimama mbele ya Majivuno katika Kusadikika tunajua pa kukaa. Huo ni ufundi wake na una nguvu zake. Maupassant hatoi jina wala hakimu; anatoa vitendo, na hukumu inabaki mikononi mwa msomaji. Ukimsoma kwa mazoea ya Kusadikika utamwita Mathilde "Tamaa" na kufunga kitabu.

Kwa sababu hiyo udhaifu wa kimaadili utafutwe penye hiari. Mkufu kupotea ni ajali, na ajali haina maadili. Tafuteni milango ambayo hadithi yenyewe iliiacha wazi na mtu akaipita. Mimi naiona sita. Waridi za faranga 10. Sanduku la vito la Bi Forestier, ambamo Mathilde alijaribu bangili, lulu na msalaba wa dhahabu mbele ya kioo, akaendelea kuuliza "huna kingine?" mpaka akakifikia kisanduku cha satini nyeusi. Mlango wa ukumbi saa kumi usiku: mume anamtupia mabegani nguo za kawaida za kujitandia, anamwomba angoje ndani apate gari, naye anashuka ngazi mbio ili wanawake wanaojifunika manyoya ya thamani wasimwone. Barua: mume anamwelekeza amwandikie shoga yake kwamba amevunja kifungo cha mkufu na ameupeleka kutengenezwa. Siku ya kurudisha: Bi Forestier anapokea kwa ubaridi, analalamika kacheleweshewa, hafungui kisanduku, na Mathilde badala ya kusema anashusha pumzi. Mlango wa sita ni miaka 10 yenyewe, kila siku ya miaka hiyo.

Wa barua ndio mzito. Kabla yake kuna msiba, baada yake kuna uongo. Na ulifunguliwa na mume.

Hilo linajibu swali lako la tatu. Bwana Loisel ni mwema, hakuna ubishi: bunduki yake kaisamehe, akageuka rangi kidogo na asiseme kwa nini. Usiku ule wa karamu alikuwa amelala tangu saa sita kwenye kisebule pamoja na mabwana watatu ambao wake zao walikuwa wakistarehe. Alfajiri akarudi kwa miguu njia yote kutafuta, akaenda polisi, magazetini, kwenye kampuni za magari. Akanakili makaratasi usiku kwa sou tano, yaani robo faranga, kila ukurasa. Lakini wema wake hauna uti wa mgongo. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kuazima na wazo la uongo. Alitia saini hati za madeni bila hata kujua kama ataweza kuzilipa. Mwanamume mwenye faranga 18,000 benki ya moyo wake aliyemwacha mkewe aamini kwamba hawana kitu, naye ana soni ya aina yake: anaogopa uso wa mke kama mke anavyoogopa nyuso za ukumbini. Ukitaka kumtetea, mtetee kwa kazi alizofanya, usimtetee kwa kunyamaza.

Na Bi Forestier asiachwe akapita. Aliazimisha bila neno. Sentensi moja tu, "huu ni wa bandia, usijali", isingempunguzia kitu isipokuwa ile heshima ya kudhaniwa ana almasi. Tajiri naye alikuwa anaogopa kuonekana. Sizidishi kosa lake, kwani mtu haapishwi anapoazimisha pambo, ila kimya chake na kimya cha Mathilde ni vipande viwili vya kitambaa kimoja.

Tuje kwenye ishara. Kosa kubwa ni kuifanya ishara kama kamusi: mkufu ni utajiri, kioo ni ubinafsi, nukta. Ishara inasomwa kwa kuifuata njiani. Chora mstari kwenye karatasi, weka vituo vya mkufu, na kila kituo andika nani anaamini nini. Kwenye kabati la Bi Forestier: mwenyewe anajua ni bandia. Shingoni mwa Mathilde: anaamini ni almasi, mikono inamtetemeka. Ukumbini: Waziri na maofisa wote wanavutiwa, hakuna anayeutilia shaka. Kisha hakuna mkufu, pana shimo, na ndani ya shimo lile thamani inapanda kutoka 500 hadi 36,000. Mwisho mkufu wa kweli unaingia kwenye kabati la Bi Forestier, na huko anayeamini ni bandia ni yeye.

Ukimaliza mstari huo utaona kwa nini ile methali ya ving'aavyo haifai. Methali inadai kuna mng'aro wa uongo na dhahabu ya kweli, na mwenye busara huvitofautisha. Katika hadithi hii hakuna aliyetofautisha. Wakubwa wa ukumbini hawakuweza, Mathilde hakuweza, na mwenye mkufu mwenyewe alikaa na almasi za kweli miaka 10 asitambue. Bandia na halisi vilifanya kazi ileile. Tofauti ya faranga 35,500 haikuwa kwenye jiwe, ilikuwa kwenye hofu. Kama lazima iwepo methali mezani, pendekeza "mficha maradhi kilio humuumbua", ingawa nayo haikai sawasawa: Mathilde hakuumbuliwa na mtu, alijitaja mwenyewe akidhani ameshashinda.

Jina nalo linasaidia. Hadithi ilipotoka kwenye gazeti la Le Gaulois tarehe 17 Februari 1884 iliitwa La Parure. "Mkufu" tumeupata kupitia Kiingereza. Neno la Kifaransa liko karibu zaidi na letu "pambo", seti ya vito na pia chochote mtu anachojipambia. Ukisema "Pambo", ghafla gauni limo, waridi zilizokataliwa zimo, hata zile nguo duni za kujitandia zimo kwa kuwa ni kinyume cha pambo. Binafsi naona jina hilo lingewaepusha wasomaji wetu na makosa mengi.

Ishara ninayoipenda kuliko mkufu ni kisanduku cha satini nyeusi. Ndani yake pana jina la sonara. Mathilde na mumewe wanakwenda kwake kutafuta mkufu kama ule, naye anatazama vitabu vyake na kusema si yeye aliyeuuza, inaelekea alitoa kisanduku tu. Someni hapo polepole. Fikirini sonara wa Ngamiani anakwambia mkufu huo haukutoka kwake, ila kasha ni lake: mtu gani hununua almasi kwa fundi mmoja na kasha kwa mwingine? Hadithi imetupa siri yote katikati yake, kwa sauti ya mfanyabiashara, na wahusika wawili wenye hofu hawakuisikia. Wasomaji wengi pia hawaisikii, ndiyo maana husema mwisho wa hadithi ni wa kushtukiza na hauna haki. Una haki, tulionywa. Kisha kasha hilohilo linarudi kwa mwenyewe likiwa na kitu kingine ndani, na kwa kuwa kasha ni lilelile, halifunguliwi.

Kioo kinatokea mara mbili pia, kwa Bi Forestier wakati wa kuchagua na nyumbani wakati wa kujitazama mara ya mwisho "katika fahari yake", ndipo anapopiga kelele. Mara ya kwanza kinampa mkufu, mara ya pili kinaonyesha hayupo nao. Inatosha, msikiongezee. Kuna mwenzenu atagundua kwamba wanakaa mtaa wa Mashahidi, rue des Martyrs, akajenga mnara juu yake. Mtaa huo upo kweli Paris. Mwandishi huenda alitabasamu alipouchagua, lakini kitu kinachotajwa mara moja na hakibadiliki ni mandhari, si ishara. Bunduki nayo vivyo hivyo: ni ushahidi juu ya mume, basi.

Kwa Jumamosi, saa moja na nusu inatosha ukipanga hivi. Andika ile milango sita kwenye vikaratasi sita, uwagawie watu wawiliwawili. Wape dakika 15 watafute mistari inayoonyesha mlango ulikuwa wazi, nani aliupita, na nani alilipa. Wasiruhusiwe kutaja "tamaa" mpaka wamalize. Neno hilo likikatazwa kwa robo saa tu, utaona maneno mengine yanavyojitokeza. Kila jozi isome mstari wake kwa sauti, kisha fanyeni kipimo cha kuondoa kwa pamoja. Nusu saa ya mwisho iwe ya kisanduku na mstari wa vituo. Kinachoharibu mara nyingi ni kusimulia upya: mtu anaanza "basi yule mama akaenda…" na dakika kumi zimekwisha. Mkatize kwa upole, muulize ukurasa.

Na jiandae kwa swali ambalo halikosi: je, Bi Forestier atarudisha mkufu? Wataanza kupiga hesabu, 36,000 toa 500. Waache wapige, kisha uwarudishe kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu Maupassant hakuishia kwenye mkufu. Mapema alituonyesha kucha za waridi za Mathilde zikisugua vyungu vyenye mafuta, na baadaye mikono imekuwa myekundu. Ukurasa wa mwisho Bi Forestier, moyo umemjaa, kabla hajasema neno bandia, anamshika mikono yote miwili. Waulize wanafikiri alihisi nini viganjani.